Nimekemea mawazo haya mpaka nimechoka, bado yanarudi

Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 37, naishi Moshi upande wa Majengo. Kazini nashika vitabu vya hesabu kwenye duka la vifaa vya ujenzi, na kanisani nilikuwa mhazini wa jumuiya yetu kwa miaka minne. Nakuandikia kwa sababu sijawahi kumwambia mtu yote kwa pamoja. Kila mmoja nimempa kipande.

Mwaka jana mwezi wa tisa tulikuwa tunachangia mabati ya nyumba ya mwinjilisti. Siku ya kusoma mapato, daftari langu lilizidi fedha iliyokuwepo kwa shilingi 27,000. Watu wakanyamaza. Mama mmoja akasema, "Fedha ya Mungu haichezewi." Nilirudi nyumbani nikapekua stakabadhi siku mbili, nikakuta nimeandika 85,000 mahali pa 58,000. Nikampelekea mzee wa jumuiya, akaona, akasema yameisha. Kwao yaliisha.

Tangu hapo naamka saa tisa usiku na maneno yanajileta yenyewe, tena kwa sauti yangu: "Wanajua wewe ni mwizi. Walikuhurumia tu. Na kazini utaharibu. Mungu naye amekuchoka." Nakemea kimoyomoyo nisimwamshe mume wangu. Yanatulia dakika mbili, yanarudi yameongezeka. Nimefunga siku tatu kavu, bila maji, mara mbili. Mara ya pili nilishikwa na kizunguzungu nikakaa chini jikoni mpaka mtoto akaniletea maji.

Kazini naangalia kila ukurasa mara tano au sita ndipo nifunge daftari, nafika nyumbani saa mbili usiku. Jumuiya ya Alhamisi nimeacha tangu Februari, nasingizia kazi.

Kiongozi wa kikundi cha maombi anasema aliyeokoka kweli hawezi kuwa na mawazo kama hayo, nitafute mlango niliomfungulia Shetani. Mdogo wangu anasomea uuguzi, anasema hiyo ni sonona, niende hospitali. Mume wangu anasema nikionekana kliniki ya magonjwa ya akili watoto watachekwa shuleni. Anasema kwa upendo, lakini.

Sasa mchungaji ameniita. Usharika unanitaka niwe mhazini wa kamati ya ujenzi, nijibu kabla mwezi haujaisha. Nikikubali naona nitakufa kwa hofu. Nikikataa nitakuwa nimethibitisha.

Sijawahi kupanga kujidhuru. Ila kuna usiku natamani nilale nisiamke. Sentensi hii nimeifuta mara tatu.

Je, ni imani yangu ndogo au ni ugonjwa? Na nikienda hospitali, si nitakuta watu wa usharika kwenye benchi?

Mhazini, Moshi

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Nashukuru sentensi ile ya mwisho hukuifuta mara ya nne, na ndiyo nitakayoanza nayo.

Kutamani kulala usiamke si sawa na kupanga kufa, lakini ni mambo yanayokaa jirani. Wiki hii mwambie mtu mmoja sentensi ile kama ulivyoniandikia, bila kuipunguza makali. Mdogo wako anaonekana anaweza kuibeba. Kama nyumbani au kwa wakwe kuna dawa ya kunyunyizia kahawa, sumu ya panya au vidonge vilivyobaki, vifungiwe na ufunguo akae nao mtu mwingine. Si kwamba sikuamini. Hamu ya namna hii hupanda kama wimbi kisha ikashuka, na ni vizuri mkono usifikie kitu chochote wakati imepanda. Siku ukijikuta unawaza namna au wakati, usingoje asubuhi wala siku ya kliniki. Nenda idara ya dharura ya hospitali iliyo karibu, usiku huohuo, ukiwa na mtu.

Sasa barua yako. Nikiisoma naona kosa la tarakimu lililorekebishwa kwa siku mbili, na aibu ambayo miezi imepita haijarekebishwa. Naona usingizi umekatika, ukaguzi umekuwa mrefu, Alhamisi zimeachwa. Juu ya hayo watu watatu wanaokupenda wamekupa majibu matatu yasiyopatana, na wewe umeyapanga yakawa swali la milango miwili: imani ndogo au ugonjwa. Ni nani aliyesema milango ni miwili?

Chukua Eliya, 1 Wafalme 19. Nabii aliyetoka kushusha moto Karmeli anakaa chini ya mretemu anasema, "Yatosha, sasa, Ee BWANA, uiondoe roho yangu." Hilo halina tofauti kubwa na sentensi uliyoifuta. Malaika hakumuuliza amefungua mlango gani. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena: "Inuka, ule, kwa maana safari hii ni kubwa mno kwako." Ndipo, siku nyingi baadaye, akaulizwa swali: unafanya nini hapa? Akajibu kwamba amesalia yeye peke yake, na akarudia jibu lilelile neno kwa neno mara ya pili, kama mawazo yako ya saa tisa yanavyojirudia. Mungu akamtajia hesabu: wako 7,000 ambao hawakupiga goti kwa Baali. Chakula, usingizi, swali, takwimu. Mpangilio huo mimi naupenda sana, na sioni mahali imani yake ilipotukanwa. Ukipenda ongeza Zaburi ya 88, inayoishia gizani bila mstari hata mmoja wa kufariji, na bado ni sala.

Kwa hiyo hii kauli kwamba aliyeokoka hawazi hivyo, naomba uirudishe kwa aliyeitoa, kwa upole.

Kuhusu kukemea, sikuzuii kuomba. Naangalia tu kinachotokea ukikemea wazo kichwani kila linapojitokeza. Mwaka 1987 mwanasaikolojia wa Marekani, Daniel Wegner, na wenzake waliwaambia wanafunzi wasimfikirie dubu mweupe kwa dakika 5, na kila akiwajia wapige kengele. Kengele zililia. Na waliporuhusiwa baadaye kumfikiria, walimfikiria kuliko wenzao ambao hawakukatazwa tangu mwanzo. Ili akili ihakikishe wazo halipo, lazima iendelee kulitafuta. Askari wa zamu anayemvizia mwizi usiku kucha anamuwaza mwizi usiku kucha. Ndiyo maana mawazo yako hutulia dakika mbili yakaja na wenzake, na hapo hakuna imani iliyopungua.

Paulo anaandika habari ya kuiteka nyara kila fikira, 2 Wakorintho 10:5. Mateka hafukuzwi. Mateka hushikwa, akaletwa, akaulizwa jina lake na alikotoka. Wewe umekuwa ukifukuza. Nakupendekezea ushike, na kwa kuwa umesomea hesabu, kazi hii utaifanya vizuri kuliko wengi.

Daktari Aaron Beck wa Philadelphia, miaka ya 1960, aligundua kwamba wagonjwa wake wenye sonona walikuwa na mkondo wa pili wa mawazo, mafupi na ya haraka, yanayoaminiwa bila kuombwa stakabadhi. Tiba aliyoijenga huanza kwa kuyaandika. (Haikuwa mpya kabisa. Evagrius, mtawa wa jangwani Misri aliyefariki mwaka 399, aliwashauri wenzake wayachunguze mawazo yanayowasumbua: linakuja saa ngapi, lina nguvu kiasi gani, lipi linafuata lipi.)

Chukua daftari la kawaida, jalada lisiwe na jina. Lilaze kwa upana, piga mistari upate safu 6. Ya kwanza: siku, saa, na kilichotangulia. Ya pili: wazo lenyewe, neno kwa neno. Ya tatu: hisia na uzito wake kwa 100. Ya nne ni ushahidi unaounga wazo, ya tano ushahidi unaolipinga. Ya sita: sentensi ambayo mkaguzi asiyekujua angekubali kuisaini, kisha uzito wa hisia upya. Dakika 15 kwa siku, wazo moja tu, mchana au jioni. Mfano, wa kwako mwenyewe:

Jumanne, saa tisa usiku, niliamka. "Wanajua mimi ni mwizi." Aibu 85, hofu 70. Unaounga: daftari lilizidi 27,000, mama yule alisema neno, watu walinyamaza. Unaopinga: stakabadhi ilikuwa 58,000, tofauti ya 27,000 inagawanyika kwa 9, mzee aliona akakubali, sasa wananiita kushika fedha kubwa zaidi. Sentensi: "Nilipindua tarakimu mbili mbele ya watu na niliaibika. Kosa nililitafuta na kulipata mwenyewe. Mama yule anawaza nini leo, sijui." Aibu 55.

Hiyo 9 unaijua kuliko mimi. Ungekuwa unakagua vitabu vya mwenzako ukakuta tofauti inayogawanyika kwa 9, jambo la kwanza ungetafuta tarakimu zilizopinduka, si mwizi. Kwa nini vitabu vyako ukavikagua kwa sheria nyingine?

Watu hukwama mahali palepale kwenye daftari hili, basi nikuonye mapema. Wengi huandika swali kwenye safu ya pili, "Kwa nini mimi?", na swali halina ushahidi wa kuunga wala wa kupinga, ligeuze liwe tamko: "Mungu amenichagua niaibike." Wengine huandika hisia mahali pa wazo. "Najisikia vibaya" ni ya safu ya tatu. Wengine safu ya sita huandika maneno matamu, "Mimi ni mshindi, kila mtu ananipenda," na akili inayakataa palepale kwa sababu haikuona risiti. Na sisi watu wa kanisa tuna kosa letu: tunakimbilia kuandika mstari wa Biblia kwenye safu ya sita kabla ya kuijaza ya nne. Ni plasta juu ya kidonda ambacho hakijaoshwa. Jaza ya nne kwa ukweli wote, hata ukiuma. Ukimaliza, soma mstari mzima kwa sauti mbele za Mungu, uwe ndiyo sala yako ya siku hiyo. Mwenye Zaburi ya 42 alizungumza na nafsi yake namna hiyo: "Nafsi yangu, kwa nini kuinama?" Aliiuliza kwanza, ndipo akaiambia itumaini.

Usitegemee aibu ishuke hadi 0. Kutoka 85 hadi 55 ni kazi nzuri, na wiki ya kwanza pengine haitashuka hata kidogo.

Kuna wazo moja ambalo daftari peke yake haliliwezi: "Mungu amekuchoka." Hapo nitumie kipimo cha zamani cha watunza roho. Hatia ya kweli huja na anwani. Hutaja tendo, siku, mtu uliyemkosea, na njia ya kutengeneza. Yako ilitaja 27,000, ukatengeneza. Lawama haina anwani. Inasema tu wewe ni mtu wa namna gani. Ukisikia sauti isiyotaja tendo lolote, una haki ya kuiuliza inadai nini hasa.

Usiku wenyewe usifanye ukaguzi. Saa tisa akili haina mwanga wa kutosha kusoma stakabadhi. Andika neno moja kwenye karatasi, "mwizi" au "kazini", uliache hadi saa kumi na moja jioni. Ukiona kama dakika 20 zimepita hujalala, toka kitandani, kaa kwenye kiti, taa ndogo, simu mbali, mpaka usingizi urudi. Na asubuhi uamke saa ileile hata kama umelala vibaya. Kufunga kavu naomba ukusimamishe kwa sasa. Mwili usio na maji wala usingizi huyanenepesha mawazo haya, na malaika wa Eliya alikuja na mkate.

Ukaguzi wa mara sita una hila yake. Kadiri unavyorudia kuangalia ukurasa uleule, ndivyo kumbukumbu ya kuuangalia inavyofifia, hata kama hesabu iko sawa. Kwa hiyo mara ya sita inazaa ya saba. Wiki hii ziwe nne, wiki ijayo mbili, kisha funga daftari hofu ikiwa bado juu, uone inachukua muda gani kushuka. Alhamisi nazo zirudishe hivyohivyo: kabla ya kwenda andika unachotabiri, "Angalau watu watano watanitazama vibaya," ukirudi uandike ulichokiona kwa macho, si ulichokihisi.

Tuje hospitalini. Ulipo una hospitali ya mkoa, Mawenzi, na ya kanda, KCMC, ambayo ilifunguliwa mwaka 1971 na shirika lililojiita la Msamaria Mwema. Jina hilo lina maana yake: Msamaria wa Luka 10 alimimina mafuta na divai, kisha akampeleka majeruhi kwenye nyumba ya wageni akalipa dinari mbili ili mwingine aendelee kumuuguza. Ulizia mapokezi kliniki ya afya ya akili. Yawezekana utapewa maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila moja alama 0 hadi 3. Jumla ikifika 10 na kuendelea, mtaalamu hukaa na wewe kwa karibu zaidi. Omba pia wapime wingi wa damu na tezi ya shingo, kwa sababu upungufu wa damu na tezi iliyozembea huvaa sura ya sonona, na maombi ya kufunga hayataviponya.

Hatari zipo. Unaweza kupewa dakika chache na vidonge bila mazungumzo. Hapo uliza kama kuna mwanasaikolojia au afisa ustawi wa jamii. Vidonge vya sonona huanza kuonyesha kazi baada ya wiki 2 hadi 4, wakati mwingine 6, huku kichefuchefu na usingizi uliovurugika vikitangulia, ndiyo maana wengi huviacha siku ya kumi, au huviacha ghafla wakishapata nafuu. Ukiandikiwa, mwambie daktari kuhusu usiku ule unapotamani usiamke, na kuhusu kufunga. Na mdogo wako, kwa heshima, naye amerahisisha: daktari hatakujibu kama Mungu amekuchoka. Swali hilo mpelekee mchungaji, uso kwa uso, si kikundi. Kikundi kina masikio mengi.

Mume wako. Umeandika "Anasema kwa upendo, lakini" ukaweka nukta. Sijui ulitaka kumalizia nini, na nadhani hata yeye hajui. Pengine usianze kwa kubishana naye juu ya kliniki. Mwonyeshe ukurasa mmoja wa daftari, umwombe akae na wewe dakika kumi bila kushauri. Baadhi ya waume wanaogopa kicheko cha shule kwa sababu hawajaambiwa kuhusu saa tisa usiku.

Halafu mchungaji na kamati yake. Ukikubali, kuna uwezekano hofu ikapungua kwa kuikabili. Kuna uwezekano pia ukaguzi wa mara sita ukawa wa mara kumi, na fedha ya ujenzi si ya mabati ya chumba kimoja. Ukikataa, utapata nafuu siku hiyohiyo, na nafuu hiyo ndiyo yenye mtego, maana akili hujifunza kwamba kweli palikuwa na hatari. Lakini aliyevunjika mkono akikataa kubeba ndoo hajathibitisha kwamba ni mvivu. Hilo "nitakuwa nimethibitisha" naona ni mgeni wa safu ya pili. Liandike tuone safu ya tano itasema nini.

Katikati yapo mengine. Unaweza kuomba miezi 3 ukiwa mhazini msaidizi. Unaweza kukubali kwa masharti: watu wawili kuhesabu sadaka ya ujenzi, stakabadhi zenye namba, fedha benki siku ya kazi inayofuata, mtu wa nje ya kamati kupitia vitabu kila mwezi. Kamati yoyote ingepaswa kuwa nayo hata mhazini angekuwa malaika. Unaweza pia kumwambia mchungaji kwamba mwisho wa mwezi ni karibu mno na unataka kwanza kwenda hospitali. Kabla hujachagua, jiulize: lipi kati ya haya ningelichagua siku ambayo nimelala vizuri?

Na benchi. Ndiyo, unaweza kumkuta mtu wa usharika; Moshi ni ndogo. Nenda na mdogo wako, mfike mapema. Ukimwona mtu wa kwaya amekaa pale, ujue naye amekuona, na muda huu anajiuliza aanze vipi kukuamkia.